Siri, Faragha na Sitara: Uhakiki wa Maneno Yatumikayo Kuhusu Mawasiliano ya Watu Dar es Salaam

Mjadala juu ya mawasiliano ya watu binafsi na jicho la Serikali umekwisha kuandikwa sana na wanasheria na mafundi wa mitambo. Wanasheria wameupima kwa vifungu, na mafundi wameupima kwa nguvu ya kufuli. Jambo moja limebaki nyuma, nalo ni lugha yenyewe ambayo kwayo wananchi wa Dar es Salaam huzungumza habari hizi. Maneno mawili, siri na faragha, ndiyo yaliyobebeshwa mzigo wote, na pande zote mbili zayatumia kana kwamba maana zake ni wazi na hazina upungufu. Makala haya yakusudia kuyapima maneno hayo pamoja na neno la tatu, sitara, ambalo halisikiki sana mjadalani, na kuonyesha kwamba kuachwa kwa neno hilo la tatu kumeudhoofisha mjadala wenyewe.

Yafaa kwanza kueleza mambo yalivyotokea. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ilitaka laini za simu zisajiliwe kwa majina ya wenyewe. Tarehe 1 Mei 2019 ulianza usajili mpya, wa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa. Na baada ya muda kuongezwa, siku ya mwisho ikawa 20 Januari 2020, ndipo laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Wakala wa simu aketiye chini ya mwamvuli kando ya njia, ambaye Kariakoo yamjua kwa kuuza laini na vocha, akawa pia mwenye kioo kidogo ambacho mteja huweka kidole chake. Kabla ya hapo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilikuwa imewapa polisi uwezo wa kudai taarifa zilizomo katika mitambo. Mwaka 2016 Maxence Melo, mwendeshaji wa JamiiForums, mahali ambapo watu wengi huandika kwa majina ya kupanga, alikamatwa na kufikishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi ya Kisutu, jambo kubwa likiwa ni kutotoa taarifa za waandishi waliotafutwa na polisi. Na mwaka 2020 alitiwa hatiani katika shauri mojawapo. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano ikatoa tangazo la kuwataka watumiaji wa programu za VPN, zifichazo mahali mtu alipo anapotumia intaneti, wajitokeze na kutoa habari zao. Kwa upande wa pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi Aprili 2024.

Sababu za Serikali katika usajili si za kubeza. Hakuna mfanyabiashara wa Kariakoo asiyeujua ujumbe mfupi unaomwambia mtu kwamba ile pesa aitume kwa namba hii. Ujumbe huo hutumwa kwa watu wengi wasiojuana. Wengi huucheka, lakini mmoja aliyekuwa akingojea kumlipa mwenziwe hutuma fedha na kuzipoteza. Mwenye kuibiwa hivyo hana haja na hotuba juu ya uhuru wa mawasiliano; haja yake ni kumjua mtu aliyejificha nyuma ya namba. Uhakiki wowote usiomkumbuka mtu huyu hauna haki ya kusikilizwa na wafanyabiashara wa soko.

Sasa na yaangaliwe maneno. Siri ni neno la Kiarabu lililokwisha kuota mizizi. Katika sarufi yake lina mwenyewe: ni siri ya fulani, naye huiweka, huitoa, au huivujisha. Huwa pia na washiriki, kwa maana siri ya mtu mmoja peke yake ni wazo tu. Lakini neno hili lina kivuli. Mtu akisemwa kwamba ana siri, msikilizaji huuliza ameficha nini. Ndiyo sababu hoja ya wale wasemao kwamba asiye na la kuficha hana la kuogopa yaingia masikioni kwa urahisi: imejengwa juu ya kivuli cha neno siri, wala haikujengwa juu ya ushahidi. Anayejibu hoja hiyo kwa kusema kwamba kila mtu ana siri zake amekwisha kukubali uwanja wa mpinzani wake, kwa sababu amekubali kwamba jambo linalotetewa ni kuficha.

Faragha nalo latoka katika Kiarabu, penye maana ya utupu na nafasi isiyo na shughuli. Katika Kiswahili ni neno la mahali na wakati: watu huenda faraghani, huzungumza kwa faragha, huomba faragha ili wenye masikio waondoke. Katika miaka ya hivi karibuni limepandishwa cheo, likawa jina la haki. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977, iliyoingia humo kwa marekebisho ya mwaka 1984, yaitwa ibara ya haki ya faragha na ya usalama wa mtu. Msomaji mwangalifu ataona jambo la ajabu hapo. Jina la ibara lataja faragha, lakini fasili yake ya kwanza, ile itoayo haki yenyewe, husema habari za heshima na hifadhi: hifadhi ya nafsi, ya maisha binafsi, ya unyumba, ya maskani na ya mawasiliano. Faragha yaja katika fasili ya pili, ambayo yaeleza kwamba sheria itaweka utaratibu wa namna na kiasi ambacho haki hiyo yaweza kuingiliwa. Yaani palipotolewa haki, walioandika walitafuta neno la kulinda. Na palipoelezwa jinsi ya kuingia, walirudia neno la mahali, kwa sababu mahali ndipo panapoingilika.

Jambo hili halikutokea kwa bahati. Faragha halina kitenzi cha kawaida katika Kiswahili. Hakuna amtendeaye mwingine faragha. Sentensi yenye neno hili huwa na chumba na mlango, lakini haina mtu mwenye wajibu. Mlango ukifunguka, iwe kwa ufunguo au kwa amri ya polisi, faragha imekwisha, na lugha haina la kusema zaidi.

Sitara ni tofauti. Neno hili, ambalo wengine hulitamka stara, laandamana na kitenzi chenye nguvu, kusitiri, na kitenzi hicho chataka mtenda na mtendewa. Mtu humsitiri mwenziwe, hujisitiri, husitiriwa. Mavazi ya heshima ni ya stara. Kibanda kidogo ni mahali pa kujisitiri. Maiti azikwapo, amesitiriwa. Katika matumizi yote hayo yumo mtu aliyeona, au awezaye kuona, naye amefunika. Kumsitiri mtu si kutomjua. Amsitiriye mwenziwe aghalabu ndiye ajuaye zaidi ya wote. Hapa ndipo lilipo jambo ambalo siri na faragha haziwezi kulisema: kwamba kujua kwaweza kuzaa wajibu.

Maana hii haikuokotwa katika kamusi tu. Jiji lenyewe lilijengwa juu yake. Kariakoo, ambayo jina lake latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza cha Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuwa kwa muda mrefu mtaa wa nyumba za Kiswahili kabla ya maghorofa kuzifunika. Nyumba ya namna hiyo ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani penye jiko na choo cha watu wote. Vyumba hivyo sita vyaweza kuwa na wapangaji sita waliotoka mikoa sita. Katika nyumba nyingi kuta hazikufika kwenye bati, wala hapakuwa na dari. Neno lililosemwa chumba cha kwanza lilisikika chumba cha tatu. Mtu akitafuta faragha katika nyumba hiyo hataipata. Hata hivyo watu waliishi humo, wakaoana, wakagombana, wakalia, wakapatana. Waliwezaje? Waliweza kwa sababu jirani aliyesikia ugomvi wa usiku alisalimia asubuhi kana kwamba hakusikia. Hakuwa mnafiki. Alikuwa anamsitiri mwenziwe, akijua kwamba usiku ufuatao yeye naye atahitaji kusitiriwa. Na yule asiyeweza kufunika alipewa jina lake, mmbeya, nalo si jina la heshima. Kwa mtu ategaye sikio makusudi pana kitenzi kikali zaidi, kudukiza. Na si ajabu kwamba udukuzi, neno la ukoo huohuo, ndilo sasa lililopewa kazi ya kutaja uvunjaji wa mitambo ya watu.

Penye sitara kidogo, watu hukimbilia fumbo. Maduka ya kanga ya jumla katika Mtaa wa Uhuru, ambao zamani uliitwa Kichwele, yaonyesha jambo hili kila siku. Mwanamke huingia dukani, husoma majina ya kanga moja baada ya nyingine, huchagua. Labda achagua ile iliyoandikwa «Mdhaniaye siye». Aivaapo na kupita uani, maneno yake yako wazi kwa macho ya watu wote, naye mvaaji hakujificha. Kilichofichwa ni jambo moja tu: nani aliyeambiwa. Jirani akija juu na kuuliza kama ni yeye aliyesemwa, mvaaji ana jibu tayari, kwamba alinunua nguo. Rose Marie Beck, aliyechunguza mawasiliano ya kanga katika Pwani ya Kenya, ameueleza utata huu kuwa ndio msingi wa kazi ya kanga, si kasoro yake. Muulizaji, kwa kuuliza kwake, ndiye ajitajaye.

Ikiwa kanga yalinganishwa na njia nyingine za kupeleka habari, tofauti zaonekana waziwazi. Katika kanga, maneno yako wazi, mtumaji ajulikana, mpokeaji amefichwa. Katika ujumbe wa tapeli autakaye pesa itumwe kwa namba fulani, maneno yako wazi, mpokeaji ni yeyote atakayedhani kwamba ndiye, na mtumaji amefichwa. Ni kanga iliyogeuzwa ndani nje, nayo yafanya kazi kwa hila ileile ya kumwacha msomaji ajitafutie mahali pake katika maneno. Katika WhatsApp, ambayo tangu Aprili 2016 hufunga ujumbe wote kwa namna ya kwamba ni simu mbili tu ziwezazo kuufungua, maneno yamefichwa, lakini ncha zote mbili zina namba. Na tangu usajili wa vidole namba hizo zina jina na alama ya mwili. Kufuli lafunika yaliyosemwa, wala halifuniki kwamba fulani alizungumza na fulani usiku wa manane siku tatu mfululizo.

Basi yafuata kwamba wanaosifu kufuli la programu kama ngome ya faragha wamekosea kama wale wanaolilaumu kuwa ngao ya wahalifu. Mwanamke wa uani angewacheka wote wawili. Yeye ajua kwamba maneno mara nyingi si ya hatari. Cha hatari ni kuunganisha maneno na watu. Usajili wa laini umeyaacha maneno mengi mahali pake, lakini umeondoa ule uwezekano wa kusema kwamba nilinunua nguo tu. Kwa tapeli, hilo ni jema. Kwa mtumishi anayetaka kumweleza mwandishi wa gazeti juu ya wizi ofisini kwake, hilo ni jambo la kutisha. Na kioo kilekile chini ya mwamvuli hakiwezi kutofautisha kidole cha mmoja na cha mwingine.

Fasihi ya Kiswahili imelijua tatizo hili zamani, na hapa wahakiki wenyewe wastahili kukosolewa kidogo. Desturi yao ni kulisifu fumbo kama pambo la lugha. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, naye akiwa mtu aliyeishi kwa kazi za serikali ya kikoloni. Nchi yake inaelea hewani, ambako mkoloni hana makao. Mshtakiwa wake, Karama, ashtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria. Na katika utetezi wake aeleza habari za wajumbe waliotumwa pande zote za ulimwengu, ambao kila mmoja alirudi na habari za manufaa akaishia kifungoni. Ni hadithi ya nchi itumayo watu kutafuta habari, kisha ikaziadhibu habari zenyewe. Wasomaji wengi wamesifu ustadi wa kuifunika nchi halisi kwa nchi ya mawazo. Ustadi upo. Lakini kila ustadi wa namna hiyo una gharama yake: msomaji asiyejua kilichofunikwa husoma hekaya, na mwandishi hana ruhusa ya kumfunulia.

Abdilatif Abdalla aliilipa gharama hiyo kwa njia nyingine. Mwaka 1968 aliandika waraka wa wazi, «Kenya: Twendapi?», uliosema bila fumbo, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Gerezani akatunga mashairi, akiyaandika katika karatasi za chooni, nayo yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Humo limo shairi la «Mamba», ambalo mnyama wake hahitaji kufasiriwa kwa mtu ajuaye kwa nini mshairi alifungwa. Baada ya kifungo alikuja Dar es Salaam na kufanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na mwaka 1974 diwani hiyo ikapata tuzo iliyoitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ilimfunga. Mpango wa mambo haya wafundisha: uwazi ulikuja kwanza, adhabu ikafuata, fumbo likaja mwisho. Fumbo hapo si pambo. Ni kovu. Mhakiki asifuye uzuri wa kovu bila kuuliza habari za jeraha amefanya nusu ya kazi yake.

Lakini kitabu kinachofaa kusomwa zaidi na wahusika wa mjadala huu ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na ambayo kwa muda ilizuiwa shuleni. Zakaria ni baba mlevi, naye ni mlinzi mkali wa mabinti zake. Barua ya kijana aliyemwandikia Rosa ikaingia mikononi mwake. Barua yenyewe haina uhalifu. Ni barua ya kijana kwa msichana. Zakaria hakufunika. Alimpiga binti, na jambo lililokuwa la watu wawili likawa la watu wengi. Kezilahabi hakumchora baba huyu kama adui wa mwanawe. Amchora kama mtu anayedhani kwamba kuona kila kitu ndiko kulinda. Mwisho wake wajulikana. Rosa aliyelelewa chini ya jicho lisilofumba, alipofika mahali ambapo jicho hilo halikufika, hakuwa na kipimo chake mwenyewe cha kumwongoza. Ulinzi ulimnyima nafasi ya kujifunza kujilinda. Ikiwa neno faragha latumika kuihukumu kesi hii, hukumu itakuwa ndogo: barua ilifunguliwa. Neno sitara latoa hukumu kubwa zaidi: aliyejua alikuwa na wajibu, akautupa.

Historia ya jiji yatia nguvu hoja hii, nayo haimwachi mtu yeyote upande wa wasio na lawama. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake wasijiunge na vyama vya siasa. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, katika mtaa ambao sasa waitwa Lumumba, wanaume wengi wenye kazi za serikali walikuwa na sababu ya kuogopa kuonekana. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, alianza kuwakusanya wanawake kwa njia ya vikundi vya ngoma na nyumba kwa nyumba. Vikundi hivyo vilikuwa na viongozi wao, desturi zao, na namna zao za kupelekeana habari, navyo havikuzoeleka kutazamwa kama siasa. Uhuru wa nchi, kwa sehemu yake, ulipita katika mlango ambao mtawala hakudhani kuwa ni mlango.

Baada ya uhuru, chama hichohicho kilianzisha katika miaka ya 1964 na 1965 mpango wa mashina ya nyumba kumi. Mjumbe wa nyumba kumi alijua mgeni aliyelala usiku, mpangaji aliyehama, kijana asiye na kazi. Wako wanaomkumbuka kama mpatanishi na msaada wa karibu, na wako wanaomkumbuka kama jicho la chama ukutani. Kumbukumbu zote mbili ni za kweli, na tofauti haikuwa katika kiasi cha habari alizozijua. Mjumbe mwema na mjumbe mbaya walijua mambo yaleyale. Mmoja alisitiri, mwingine alipeleka. Na mwananchi hakuwa na mahali pa kumshtaki yule aliyepeleka, kwa sababu sitara ilikuwa tabia njema ya mtu, haikuwa deni linalodaiwa.

Hapa ndipo ulipo udhaifu wa neno hili, nao haufai kufichwa na mtu anayelitetea. Katika nyumba ya Kiswahili sitara ilisimama kwa sababu wote waliweza kusikiana. Kila mpangaji alikuwa na siri za mwenziwe kama rehani. Mashine ya usajili haina rehani hiyo. Aketiye penye mtambo amsikia mpangaji, wala mpangaji hamsikii yeye. Katika hali hiyo sitara ikiachwa kwa wema wa ajuaye, yageuka sadaka. Na aombaye sadaka hana sauti.

Kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi yastahili kusomwa kwa jicho jipya. Wengi wameipokea kama sheria ya faragha, kisha wakaivunja moyo kwa kusema kwamba faragha imekwisha kutoweka, maana kidole kimekwisha kuwekwa kiooni. Hoja yao ya pili ni kweli, ya kwanza si kweli. Sheria hii haisemi kwamba taarifa zisijulikane. Yachukulia kwamba zimekwisha kukusanywa, nayo yamtaka aliyezikusanya azitumie kwa kusudi alilolitaja, azilinde, na ajibu akiulizwa. Hiyo si sheria ya chumba kilichofungwa. Ni jaribio la kuifanya sitara kuwa deni, na kumpa mwenye kudai mahali pa kwenda. Jina linalofaa laonyesha kipimo kinachofaa. Kama ni sheria ya faragha, imeshindwa kabla ya kuanza. Kama ni sheria ya sitara, itapimwa kwa swali moja lenye kujibika: je, Serikali yenyewe, ambayo ndiyo ijuayo kupita wote, yaweza kudaiwa kama anavyodaiwa mwenye duka la simu? Sheria imwajibishayo wakala wa chini ya mwamvuli na kumwachia njia pana yule aketiye juu yake itakuwa imemfunga mmbeya wa uani na kumwacha Zakaria na barua mkononi.

Vilevile tangazo la mwaka 2023 juu ya VPN laonekana vizuri zaidi kwa mwanga huu. Kumtaka mtu aliyejifunika aje aseme kwamba amejifunika ni kumfanyia lile ambalo kanga ya «Mdhaniaye siye» humfanyia jirani: ni kumngojea ajitaje. Lakini kanga huvaliwa na asiye na nguvu mbele ya aliye sawa naye. Hila hiyohiyo mkononi mwa mwenye amri yabadilika tabia yake yote.

Yawezekana kupinga kwamba sitara ni neno la dini na la adabu za nyumbani, na kwamba dola haiwezi kuendeshwa kwa adabu za uani. Pingamizi hili lina uzito, lakini lasahau jinsi Kiswahili kilivyojijengea msamiati wake wa utawala. Ujamaa lilikuwa neno la ukoo kabla ya kuwa neno la siasa. Ndugu liliitwa nyumbani kabla ya kuitwa mikutanoni. Kama maneno hayo yalipandishwa kutoka ukumbini hadi Bungeni, si ajabu neno sitara nalo kupandishwa, tena likiwa na ulinzi wa sheria ambao maneno mengine hayakupewa.

Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeibiwa fedha zake na mtumishi anayeogopa kusema alichokiona ofisini hawakupewa mpaka sasa lugha ya kuwaweka pamoja. Siri yawagombanisha, kwa maana mmoja ataka ifunuliwe na mwingine ataka ifunikwe. Faragha yawaacha kila mmoja chumbani mwake. Wote wawili, wakiulizwa kwa Kiswahili chao cha kila siku, wangeafikiana juu ya jambo moja: kwamba ajuaye habari za mtu amebeba mzigo, na mzigo una mwenyewe. Nyumba za vyumba sita zaondoka mtaa kwa mtaa na maghorofa yapanda mahali pake, yenye dari na milango ya chuma. Neno lililowawezesha watu kuishi ndani ya zile nyumba lingalipo, nalo halijaingia katika mjadala.